Hodi ya Bushiri

Harufu ya ubani ilikuwa inatoka kwenye mkono uliopooza. Nyumba nzima hakuna aliyefukiza chochote, lakini kila Mwanakhamisi alipouinua mkono wa kulia wa mumewe ili auchue, harufu ilimjia puani. Angemwambia nani?

Bushiri, fundi cherehani aliyejulikana Mbeya nzima kwa domo lake, alipigwa na kiharusi masika yalipoanza. Hospitali ya Mzungu walimpa vidonge, wakamrudisha nyumbani mdomo umekwenda upande, hata kumwita mkewe hawezi. Masikini, mama wa watu alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa radhi kwa lolote, ilimradi amsikie akimwita "Bibie" mara moja tu.

Mzee Asukile, mganga kutoka Tukuyu, ndiye aliyempa mafuta ya nyonyo ya kumchulia.

"Vidonge vya hospitali usiache, mama," alimnong'oneza. "Mchue kila alasiri. Lakini upande huu uliopooza sasa ni nyumba isiyo na mwenyewe, na kuna kitu kinataka kuhamia. Ukiwa unachua, ukisikia hodi, usikaribishe. Hata akiwa mama yako mzazi."

"Nimesikia, mzee."

Alisikia wapi! Mtu wa Pwani yule, neno "karibu" humtoka kabla hajafikiri.

Alasiri moja ukungu ulishuka mpaka madirishani, naye alikuwa amefika kwenye kiwiko, vidole vimejaa mafuta, ubani unanuka hadi macho yanamchonyota, aliposikia mlango unagongwa taratibu na sauti inaita, safi, nzito, yenye kicheko ndani yake, sauti ile ile aliyoililia tangu masika:

"Hodi, Bibie!"

"Karibu!" alijibu, moyo ukimruka, kabla hajakumbuka kwamba mwenye sauti amelala mbele yake.

Mkono aliokuwa akiuchua ukajifumba, ukamshika.

"Ahsante," alisema Bushiri. Mdomo ulikuwa umenyooka. "Nilichoka kusimama nje."

Ya Rabi! Furaha ilimwahi kabla ya hofu. Alimkumbatia, analia, anacheka, mpaka aliposikia mlangoni mkwaruzo wa kiganja kimoja, na sauti iliyopinda, inayokokota ulimi, ya mtu anayepigana na jina lililomshinda tangu augue:

"Ho... di... Bi... bie..."

Aligeuka ajibu. Kiganja chenye mafuta kikamziba mdomo.

"Mwache," alinong'ona yule wa kitandani. "Atachoka."