Unyayo Mbele ya Mlango

Fundi Maua alirudi kwenye nyumba ya mwisho mtaani kuchukua mbao zake.

Ilikuwa jioni, wakati ule ambapo jua limekwisha kuzama na taa za ndani bado hazijawashwa. Kazi yenyewe ilikuwa imemalizika juma lililopita. Zilibaki mbao za pembeni zilizoshikilia zege wakati likikauka, azing'oe, azipakie kwenye pikipiki yake ya matairi matatu, aende zake. Kazi ya mtu mmoja. Hata hivyo, hakuwa amezoea kuifanya peke yake.

Watu walimwita Fundi Maua kwa sababu ya sakafu za nje alizozipiga nakshi, zege likaonekana kama mawe ya mtoni, au mbao, au majani yaliyodondoka. Lakini nusu ya jina hilo ilikuwa haki ya mkewe. Yeye alimwaga zege na kulisawazisha. Mkewe ndiye aliyenyunyiza unga wa rangi, kwa mkono uliotua sawasawa kama umande. Tena mkewe ndiye aliyejua saa. Mikeka ya mpira yenye nakshi ikikandamizwa mapema, zege hunata na kuvurugika. Ikichelewa, halikubali tena alama. Mafundi wengine walibonyeza kidole. Mkewe alivua kiatu cha kulia, akakanyaga pembeni mara moja, akatulia kama anayesikiliza kwa kisigino.

"Bado," angesema. "Liache lipumzike."

Au: "Haya, mume wangu, amka. Limeiva."

Kisha alama ile hufutwa. Mjomba aliyemfundisha Fundi kazi alikuwa mpole kwa mengi, lakini si kwa hilo: alama ya kupimia ifutwe kwa mwiko kabla mkeka wa kwanza haujashuka. Hakueleza sababu. Alisema tu kwamba mtu haachi unyayo wake kwa watu.

Juma lililopita haikufutwa.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, msafi, wa maneno machache. Siku zote za kazi hakuvuka kizingiti hata mara moja. Alisimama mlangoni, gauni limemfunika hadi chini, akatazama. Majirani walikuwa wamekwisha kumpa jina: Mama Mlangoni.

"Na hii haitapasuka?" aliuliza siku ile.

"Zege lote hupasuka, mama," Fundi alimjibu, kama alivyowajibu wateja wote. "Kazi yangu ni kulichagulia pa kupasukia. Ndiyo maana nalikata mistari hii. Ufa unafuata mstari, wala hutauona."

"Basi mistari ipite mbali na alama ile."

Fundi alifuata kidole chake. Mama alikuwa akionyesha unyayo wa mkewe, mbele ya mlango, bado unang'aa kwa unyevu.

"Ile ya kupimia tu, mama. Tunaifuta sasa hivi."

"Iacheni, mwanangu. Inapendeza. Huu mtaa ndio kwanza unajengwa, na kila atakayepita hapa nitamwambia nani alinifanyia kazi hii."

Fundi alitazama mtaa. Nyumba mpya, kuta mpya, na mbele ya kila nyumba udongo mtupu ukimngoja. Mkewe akacheka.

"Iache, bwana. Kidole changu nacho kipate umaarufu."

Kidole kidogo cha mguu wake wa kulia kilizaliwa kimempanda jirani yake mgongoni, na kwenye zege kilionekana wazi. Fundi akaweka mwiko chini.

Usiku ule mkewe alisema mguu wa kulia una ganzi. Kesho yake akaanza kuuburuta. Zahanati waliupiga picha, wakaitazama picha kwenye mwanga, hawakuona kitu. Ganzi ikapanda hadi kifundoni, ikapanda hadi gotini. Jioni hii Fundi alimwacha amekaa mlangoni pao, mguu ameunyoosha mbele, baridi, ngozi imepauka kama majivu. Alikuwa bado na utani.

"Niletee ubao mmoja nijifunge. Mzuri lakini, usinipe ule wenye misumari."

Ila alipodhani mumewe hamwoni, aliupiga mguu kwa ngumi. Akaupiga tena. Alikuwa akiutafuta.

Mambo hayo Fundi alikuwa nayo moyoni alipoinama kung'oa ubao wa kwanza. Ndipo aliposikia harufu.

Zege bichi.

Akainuka. Sakafu ilikuwa kavu, rangi imetulia, nakshi ya majani imekaa vizuri. Zege la juma zima halinuki. Hata hivyo harufu ilikuwapo, nzito na ya baridi, kama ya shimo la msingi baada ya mvua.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kizingitini hapakuwa na mtu.

"Hodi, mama... Ni mimi, fundi."

Kisha, kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya maji yakimwagika juu ya mimea. Na sauti nyingine.

Pa.

Pa.

Pa.

Fundi aliijua. Aliisikia kila asubuhi kabla hajafumbua macho, ikitoka chumbani kwenda jikoni: kisigino kinachotua kwa nguvu kuliko mwili uliokibeba. Akatazama chini, na hapo akaona kwamba mtu mwenye miguu iliyolowa alikuwa amepita juu ya sakafu muda si mrefu. Nyayo zilianzia mlangoni, zikakata kona ya nyumba. Kila unyayo ulikuwa na kidole kidogo kilichompanda jirani yake.

Akazitazama vizuri.

Zote zilikuwa za mguu wa kulia.

Hakukimbia. Baadaye hakujua kwa nini. Alipiga magoti mbele ya mlango, penye alama ya mkewe, akaigusa. Ilikuwa na joto. Na ilikuwa imezama. Siku ile mkewe alikanyaga juu juu tu, kina cha ukucha. Sasa kidole cha Fundi kiliingia hadi kiungo cha pili, kama vile kuna mtu aliyekuwa akija kusimama humo kila siku kwa uzito wake wote.

Akatoa nyundo na tindo kwenye mfuko wake wa kazi. Aliweka ncha ya tindo ukingoni, karibu na kidole kile, akagonga mara moja. Kipande kama punje ya mchele kikaruka.

Simu yake ikalia.

"Unafanya nini huko?" Ilikuwa sauti ya mkewe, nyembamba, imejaa pumzi. "Mume wangu, unafanya nini? Kidole kinatoka damu. Nimekaa tu... nimekaa tu, kikachanika chenyewe!"

Tindo likamponyoka.

"Ukilivunja, tutaanguka sote wawili, mimi na mkeo," mtu akanong'ona nyuma yake.

Mama Mlangoni alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, nje, juu ya ardhi, mpira wa maji mkononi. Gauni lilikuwa limelowa na kumganda mwilini. Chini yake ulichungulia mguu mmoja, wa mtu aliye kijana kuliko yeye, na kwenye kidole kidogo damu ilikuwa ikichuruzika. Upande wa pili gauni lilining'inia moja kwa moja hadi chini. Hapakuwa na kitu cha kulitikisa.

Fundi akainuka.

"Mama... nirudishie mguu wa mke wangu."

"Sikuuchukua, mwanangu." Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Mliuacha."

Simu bado ilikuwa ikimwita kwa jina la utani kutoka kiganjani. Fundi aliikata. Akaenda kwenye pikipiki, akarudi na mashine ya kukatia, ile ya betri, pamoja na mtaimbo. Kama kuvunja haiwezekani, basi atautoa mzima. Alichora mraba kuzunguka unyayo, mbali na vidole kadiri alivyoweza, akawasha mashine. Vumbi lilipanda likamwingia puani na machoni, naye hakuthubutu kufumba. Kila diski iliposhuka alimfikiria yule aliyekaa mlangoni nyumbani.

Mama hakumzuia. Aliruka hatua moja karibu. Pa.

"Taratibu, fundi... Hapo penye kisigino, taratibu."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba walikuwa wakiombea kitu kimoja.

Alipouingiza mtaimbo na kipande kikaachana na ardhi, alisikia nyuma yake kitu kizito kikikaa chini ghafla. Hakugeuka. Alikivuta kipande juu ya mbao hadi kwenye pikipiki, akakifunika kwa koti lake. Alipokanyaga gia, sauti ile ilimfuata, ya chini, kutoka usawa wa ardhi.

"Kuna shimo mbele ya mlango wangu, fundi... Utakuja lini kuliziba?"

Mbao zake alizisahau.

Mkewe alimpokea akiwa amesimama, kitambaa kimefungwa kidoleni, analia na kucheka pamoja. Fundi alimsimulia yote. Mkewe alisikiliza, akakitazama kipande, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Haya. Sasa nina miguu mitatu," alisema. "Viatu utaninunulia vingapi?"

Lakini ni yeye aliyekiviringisha kwa gunia bichi, akakisukuma chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Fundi aliacha kupokea kazi za mtaa ule. Siku moja tu alilazimika kupita, akaona shimo limekwisha kuzibwa, kwa mkono mzuri, wa fundi asiyemjua. Katikati ya zege jipya palikuwa na nyayo mbili, pana, za mwanamume. Mama Mlangoni alikuwa akitoka dukani na mfuko wake, anatembea hatua ndefu, nzito. Alimwinamishia kichwa kama mtu anavyomsalimu jirani.

Kila jioni Fundi hukifungua kipande kile na kukinyunyizia maji, kisije kikakauka na kupasuka. Hukiangalia kama anavyoangaliwa mtoto mwenye homa. Zege la mtaani alilikata mistari kwa mkono wake mwenyewe, lakini kipande hiki hakina mstari. Hakuna mahali alipokichagulia pa kupasukia.

Jana jioni aliondoa gunia, akainamisha taa.

Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Ulianzia ukingoni, penye jeraha la tindo, ukashuka kuelekea kwenye upinde wa mguu. Aliupitisha ukucha juu yake, akiomba uwe unyuzi wa gunia tu.

Haukuwa unyuzi.

Uani mkewe alikuwa akicheka na jirani. Fundi akamwita, akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ndogo.

"Nakuja!" mkewe akajibu.

Alitaka kumwambia asije. Abaki pale pale aliposimama, akae chini, asiinue mguu. Badala yake akalaza kiganja juu ya kipande.

Pa, kutoka uani.

Pa, kwenye korido.

Na kila kisigino kilipogusa sakafu, kipande kilitetemeka chini ya kiganja chake.