Mke wa Kwanza Alipobisha Hodi

"Hodi!"

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Mhudumu wa afya akashusha mkoba begani. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke kijana, tumbo la mimba limeshuka, mkono kiunoni, tabasamu tele. Kazi ya mhudumu ilikuwa kuwafuata majumbani wagonjwa walioacha dawa za virusi vya Ukimwi. Leo kliniki ilimtuma kwa kinyozi, mumewe wa zamani, aliyemfukuza mbele ya ndugu zake akimwita malaya aliyemletea maradhi. Angeweza kumwomba mwenzake aende. Hakuomba.

"Namtafuta mumeo. Ni mambo ya kazi."

"Yumo ndani. Kikohozi hakimpi nafasi. Keti, nikakuletee maji."

Kinyozi akatoka akijishika ukutani, shati linampwaya kama la kuazima. Alipomwona, akarudi nyuma hatua moja.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimetumwa na kliniki. Dawa umeacha tangu lini?"

"Punguza sauti! Tangu nioe. Chumba kimoja, ningezificha wapi?"

"Kwa hiyo hajui."

"Alipimwa mimba ilipokuwa changa, akawa salama."

"Hiyo ilikuwa zamani. Mwambie leo, mtoto bado anaweza kuokolewa."

"Mwambie wewe basi."

"Siri yako siwezi kuitoa mimi. Hata ningetamani vipi."

Asubuhi yake ukaingia ujumbe wa kinyozi kwenye simu ya mhudumu: "Njoo. Nimeshindwa kusema peke yangu."

Akaenda. Kinyozi akamwambia mkewe kwa shida kwamba ana virusi, macho sakafuni. Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza tu:

"Ni yule mke wako wa kwanza aliyekuletea? Yule uliyesema mhuni?"

Kinyozi akamnyooshea mhudumu kidole.

"Mke wangu wa kwanza ndiye huyu," kinyozi akasema. "Na hakuniletea. Mimi ndiye niliyempa. Nilipima kisirisiri, nikanyamaza. Siku alipopimwa yeye, nikawahi kumrukia kabla hajaniuliza."

 Miaka yote mhudumu alijihoji alikovipata virusi: labda sindano, labda ile damu aliyoongezewa mimba yake ilipoharibika. Alitaka kumtemea mate usoni. Lakini yule mjamzito alikuwa anateleza ukutani taratibu, anakwenda chini. Akamdaka.

"Mdogo wangu, simama. Twende kliniki sasa hivi."

"Mbona jana hukuniambia? Nilikupa maji kwa mikono yangu!"

"Sikuruhusiwa, mdogo wangu. Nisamehe."

Majibu yake yalitoka: ana virusi. Akaanzishwa dawa palepale, akahamia kwa mama yake, na huko hakumpokelea kinyozi simu hata moja. Mtoto alizaliwa, akapewa dawa ya matone ya kumkinga, na hata kipimo chake cha mwisho kilionyesha hana virusi. Mama mtu alilia mpaka kliniki nzima ikamgeukia.

Kinyozi alirudi kwenye matibabu amechelewa, kifua kikuu kimeshamla. Alikaa peke yake kwenye benchi la kliniki, blanketi mabegani, mhudumu alipomletea vidonge.

"Mke wangu..."

"Usiniite hivyo."

"Nilikupenda kweli. Niliogopa utaniacha."

"Ungeniambia, ningebaki. Ningekuuguza."

Akainua macho.

"Hujanisamehe?"

"Bado. Meza dawa."

Mkono wake haukuweza kushika kikombe, mhudumu akamshikia. Akasubiri mpaka vidonge vikashuka, akamvutia blanketi vizuri, kisha akaingia chooni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akalia.