Mita Mia Nane

Walikutana kwenye foleni ya dawa hospitalini, siku ambayo watu walijipanga mpaka nje ya mlango. Mwanamke alikuwa juu ya ngazi, ovaroli imejaa madoa, akipaka rangi upya namba za madirisha. Chini yake alisimama mpima ardhi, shati limempwaya, kofia imefunika kichwa kisicho na unywele hata mmoja.

"Dada, hiyo saba yako imelala upande."

"Na wewe je, umesimama wima?"

Akacheka, ingawa alikuwa ameegemea ukuta. Kabla dawa hazijatoka, alishambandika mwanamke jina la Rangi, naye akaitwa Mpima, na namba yake ya simu anayo.

Mapenzi yao yalipofika mwezi wa tatu, muuguzi alimwambia Mpima kwamba uchovu wa matibabu ya saratani hauishi kwa kulala tu. Atembee kila siku, kidogokidogo, kadiri awezavyo. Mtu aliyezoea kuzunguka mashamba kutwa nzima hakulipenda neno kidogo. Basi kila jioni akawa anampigia Rangi simu kutoka njiani.

"Unadhani nimefika wapi leo?"

"Sema, mpenzi."

"Duka la viatu. Mita mia nane kutoka nyumbani. Mlango wao wa bluu unang'aa kweli."

Rangi alikuwa mbele ya mlango huohuo, brashi mkononi, na tangu asubuhi alikuwa ameupaka kijani. Barabarani hapakuwa na Mpima. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia miguuni pake.

"Uko hapo kweli?"

"Nipo, mama. Hata jua linanichoma."

Rangi akakata simu. Alikuwa amechoka kwa kazi, sasa akachoka na moyo. Siku tatu hakupokea simu zake. Ya nne, dada yake Mpima akampigia.

"Wifi, sijui mmekosana nini. Huyu hajatoka chumbani wiki mbili, na sasa anasema Jumatatu haendi kwenye matibabu. Anasema amechoka kuchoka."

Rangi akaenda na ovaroli yake vilevile. Mpima alikuwa amelala, uso ukutani.

"Mpima mzima unadanganya vipimo?"

"Siku ya kwanza nilifika mlangoni, nikakaa chini. Ningekwambia nini? Kwamba sifiki hata bombani?"

"Mimi nikadhani una mwanamke."

"Mwanamke? Mimi hata sahani naiona nzito."

Rangi akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akapiga magoti, akamfunga viatu.

Walifika bombani, uani, baada ya kupumzika mara mbili. Mpima akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jasho likimtiririka.

"Hatua kumi na tisa. Aibu."

"Ulizoweza ndizo hizo. Na Jumatatu?"

Mpima akajifuta jasho usoni. "Ukinisindikiza, nitakwenda. Lakini kesho nikishindwa kutembea?"

"Utaniambia umeshindwa, nitakaa na wewe. Mume aliyeshindwa naweza kuishi naye. Mume nisiyejua yuko wapi, huyo simuwezi."

"Umesema mume."

"Nimesema. Haya, nishike bega. Kurudi ni kumi na tisa nyingine."