Koili ya Silinda ya Tatu

Bi Ubah alikuwa peke yake kwenye kiti cha nyuma, lakini alikaa amejibana mlangoni kama mtu aliyebanwa na abiria wengine.

Rashad alimwona kwenye kioo, Ijumaa moja asubuhi, wakitoka Keumbu kwenda hospitalini Kisii.

"Mama, si ujinyooshe? Kiti chote ni chako."

"Niko sawa, mwanangu," akasema mama yake, na akavuta leso yake karibu na magoti.

Rashad hakulitilia maanani. Mama yake alikuwa na miaka sitini na minane, figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na kila Jumanne na Ijumaa alilazwa kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa kama huyo hukaa anavyoweza. Kilichomsumbua Rashad ni gari.

Lilikuwa stesheni wagon la kijivu, kuukuu, lenye zaidi ya miaka ishirini barabarani. Injini yake ilikuwa na silinda nne, na kila silinda ilikuwa na koili yake, kile kidude cheusi kinachokaa juu ya plagi na kuitia moto. Koili zilizokuja na gari zilikuwa zimechoka, naye akanunua mpya za bei nafuu, zile za katoni nyeupe zisizo na jina. Tatu zilishika kazi vizuri. Ya silinda ya tatu ilikataa. Ilidumu siku kumi na moja, ikafa. Aliyoweka baada yake ilidumu nane. Iliyofuata, nne.

Na zote zilifia mahali pamoja, kwenye kona ya mikaratusi, katikati ya Keumbu na Kisii. Wakifika pale injini ilianza kutetemeka, gari likakosa nguvu, likajikokota hadi kando ya barabara na kuzima. Rashad alisimama kwenye matope akipiga simu, huku mama yake akitazama mbele.

Ijumaa hiyo pia lilizima. Walichelewa hospitalini kwa saa mbili.

Jioni Rashad alilipeleka gari kwa Machogu, fundi mwenye gereji ya mabati karibu na soko la Keumbu. Machogu alikuwa mtu wa kanisa la Sabato, mpole, asiyependa kubahatisha. Alifungua boneti akakagua kila kitu alichokijua. Alitafuta oili iliyovuja kwenye shimo la plagi, hakuna. Akapima waya wa umeme, mzima. Akabadilisha plagi. Akatoa koili ya silinda ya kwanza, iliyokuwa haijawahi kusumbua, akaihamishia ya tatu, akaweka mpya kwenye ya kwanza, na iliyoungua akaitupa kando.

"Hizi za katoni ni ovyo, Rashadi," akasema. "Lakini koili mbaya inakufa popote. Haichagui shimo, na haichagui kona."

"Basi ni nini?"

"Yaya," akakana kwa Kikisii, "sijui." Machogu aliiokota ile iliyoungua, akaipasua kwa bisibisi, akainusa. Akaisogeza mbali na uso. "Hebu nusa wewe. Mimi najua harufu ya plastiki ikiungua."

Rashad akanusa. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyobabuka, kama ya mkono uliogusa sufuria ya moto, na ndani yake kitu kitamu kidogo, kama maziwa.

Machogu akazunguka nyuma ya gari. "Umepakia saruji?"

"Sijapakia kitu."

"Mbona limekaa chini upande wa kulia? Angalia tairi."

Walifungua milango, wakafungua buti. Hapakuwa na chochote ila leso ya Bi Ubah aliyoisahau. Machogu alirudi mbele akachomoa waya wa betri ili afunge kazi, na hapo ndipo waliposikia, kutoka chini kabisa ya injini, sauti nyembamba ikipanda na kushuka, ikikatika na kuanza tena.

"Kuna paka humu," Rashad akanong'ona.

Machogu aliwasha tochi, akaingia chini ya gari, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa na vumbi usoni na hakutaka kumtazama Rashad.

"Si paka," akasema kwa sauti ya chini. "Nina watoto watano. Hicho ni kilio cha mtoto mwenye maumivu."

Akaweka spana chini, moja moja, akazifunika kwa gunia. "Mimi ni Msabato. Mambo hayo sina maneno yake. Tafuta watu wa dini yako."

Rashad hakutafuta mtu. Aliona aibu. Jumanne iliyofuata aliliacha gari nyumbani akamkodi Eric, dereva wa teksi mwenye gari jipya kuliko yote pale Keumbu. Mke wa Rashad, Janat, alimsindikiza mkwewe hadi kwenye teksi, akamfunga mkanda, akawaombea safari njema. Walikwenda vizuri, Eric akisimulia habari za mpira, hadi walipoiona mikaratusi. Injini ya Eric ikapiga chafya mara tatu. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likasimama.

"Haijawahi!" Eric alisema. "Wallahi haijawahi, na mimi hata si Mwislamu!"

Hakucheka mtu. Mvua ilianza, na dakika zikapita, na hakuna gari lililokubali kusimama, na Rashad aliyekaa mbele akageuka kumtazama mama yake, akaona jinsi alivyogandamana na mlango wa kulia kwa bega lote, kwa nyonga yote, hadi shavu lake likagusa kioo, na jinsi katikati ya kiti, ambapo hapakuwa na mtu, kitambaa kilivyokuwa kimebonyea taratibu kama godoro linapokaliwa, na pale palipobonyea palikuwa na unyevu, na ile harufu ya koili ikamjia puani, ya ngozi na maziwa, ilhali injini ilikuwa imeshapoa.

"Mama," akanong'ona. "Shuka. Polepole. Nakufungulia mlango."

"Usifungue," mama yake akajibu, midomo yake haikusogea sana. "Utamwamsha. Ndiyo kwanza amemlaza."

"Nani?"

"Huyu mama. Amebeba mtoto." Akavuta leso yake. "Nilidhani ni dawa zinanipotosha akili. Tangu gari lilipozima hapa mara ya kwanza yuko nasi. Tukifika hospitali anashuka na mimi, anakaa kitandani kwangu miguuni, anaangalia mashine. Kisha tunarudi naye hadi Keumbu."

Siku hiyo hawakufika. Walirudi Keumbu kwa pikipiki mbili katika mvua, na ilipofika Alhamisi miguu ya Bi Ubah ilikuwa imevimba hadi magotini. Usiku hakuweza kulala chali kwa sababu maji yalimpanda kifuani. Janat alimwegemeza kwenye mito, akatoka hadi sebuleni alikokuwa Rashad akitembea huku na huko.

"Akikosa tena kesho atakufa," akasema. "Na wewe unaona aibu. Unamwonea nani aibu?"

Ijumaa kabla ya jua kupanda, Janat alimpigia Bi Deka. Huyu alikuwa mwanamke wa Kisii mjini, fundi cherehani karibu na msikiti, ambaye watu walimwendea wakipatwa na mambo kama hayo. Alikuja na gari la kwanza la Nyamira lililopitia Keumbu, akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Hakuleta ubani wala kuku. Aliomba glasi ya maji na kiti, akakaa mbele ya Bi Ubah, akamshika mikono, akasoma aya za Kurani kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma barua.

Aliposoma mara ya tatu, Bi Ubah akafumba macho. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila ilikuwa na haraka ambayo hakuwa nayo.

"Mnauliza nini? Mwanangu haponi. Nimempeleka mara sita kwenye ile nyumba ya mashine. Wanamsafisha huyu, wangu hawamgusi."

"Mwanao ana nini?" Bi Deka akauliza.

"Mwulize aliyemchoma."

Bi Deka akamgeukia Rashad. "Pale kwenye kona. Umewahi kumwaga kitu cha moto?"

Rashad alitaka kusema hapana. Kisha akaikumbuka siku ile koili ya kwanza ilipokufa, mwezi mmoja nyuma, ilipokuwa tu koili mbovu na si zaidi. Walikuwa wamekaa pale saa nzima. Mama yake alikuwa na kiu kali, na daktari alikuwa amemruhusu vikombe viwili tu kwa siku, naye alikuwa amekwisha kuvinywa. Palikuwa na chupa ya chai ya Rashad mwenyewe, ya moto, na mama yake aliiomba. Aliiomba mara moja, mara mbili, akaanza kulia kama mtoto, mpaka Rashad alipoishiwa na subira, akashuka na ile chupa, akaifungua mbele ya macho yake, akaimwaga yote kwenye shimo lililokuwa kati ya mizizi ya mkaratusi, kwa hasira, bila bismillahi, ili asiombe tena.

"Nilimwaga chai," akasema. "Sikujua. Wallahi sikujua kuna mtu."

"Hawajui kamwe," ilisema ile sauti kinywani mwa mama yake, na mikono ya mama yake ikaanza kubembeleza kitu hewani.

Bi Deka alisoma tena, mpaka Bi Ubah akafumbua macho na kuomba aelezwe alichosema. Walimweleza. Aliwasikiliza akipumua kwa shida.

"Jini huyu hatoki kwa kupigiwa kelele," Bi Deka akamwambia Rashad kando. "Ana haki yake. Wapeleke hadi pale. Zima gari mwenyewe, usingoje akuzimie. Fungua mlango, omba msamaha kwa mdomo wako, umwambie ashuke kwa amani. Mimi nitakaa mbele nikisoma."

"Na akikataa?"

"Omba asikatae."

Waliondoka saa tatu asubuhi kwa stesheni wagon la kijivu. Bi Deka alikaa mbele, Janat akabaki nyumbani akiswali. Nyuma Bi Ubah alijibana kwenye mlango wake, na gari zima lilikuwa limelala upande wa kulia kiasi kwamba Rashad aliuhisi uzito kwenye usukani, ukimvuta, ukimvuta kila alipopita shimo, na kadiri walivyokaribia kona ndivyo kile kilio chembamba kilivyopanda kutoka kwenye injini, kikachanganyika na sauti ya Bi Deka anayesoma na pumzi fupi za mama yake, hata Rashad hakujua tena ipi ni ipi, akajua tu kwamba miguu yake ilikuwa inataka kukanyaga mafuta na kupita bila kusimama.

Alisimama. Akazima injini, akashuka, akaufungua mlango wa nyuma.

"Mama," akasema, macho yake yakiwa kwenye nafasi iliyobonyea. "Ni mimi. Nilikuwa na hasira na mama yangu, nikaimwaga kwako. Nimekosa. Sina la kujitetea. Nisamehe, ushuke kwa amani, na utuachie mgonjwa wetu."

Hapakuwa na upepo, na majani ya mikaratusi yalikuwa yamesimama kimya. Bi Ubah, bila kugeuka, akasema polepole, "Na mimi naomba. Huyu ni mwanangu. Akikosa yeye nimekosa mimi."

Kisha kitambaa cha kiti kikainuka. Springi zikalia, gari likapanda, tairi la kulia likapata hewa tena, na kitu kikampita Rashad kifuani, chenye joto la mtu aliyetoka jikoni, kikaelekea mizizini.

Bi Deka aliacha kusoma. "Ameshuka," akasema, na akajipangusa jasho kwa futi yake.

Gari liliwaka mara moja. Koili zote nne zilishika, injini ikanguruma laini kama siku aliyolinunua, na Rashad akalia njia nzima hadi Kisii, akiendesha, bila kuona haya. Walimshusha Bi Deka karibu na msikiti. Hospitalini alimshika mama yake mkono, wakaenda polepole kwenye korido ndefu, yeye akimwambia kwamba sasa yameisha, kwamba atampikia anachotaka, kwamba hatamkaripia tena. Mkono mwingine wa mama yake ulikuwa umekunjwa ndani ya leso, kifuani.

Muuguzi Kemuma alikuwa mlangoni pa chumba cha mashine. Alikuwa amewazoea, hakujua lolote la kona wala la Bi Deka. Alimtazama Bi Ubah na ile leso kifuani, akatabasamu, kisha uso ukambadilika kwa huruma.

"Jamani, amepatwa na nini usoni? Poleni sana," akasema. "Lakini mnajua sheria, Mama. Watoto hawaingii humu."

Rashad akamtazama mama yake. Bi Ubah aliinua macho yaliyochoka.

"Alishuka peke yake," akasema. "Huyu ameniachia. Alisema aliyemchoma ndiye atakayemwuguza."

Akafunua leso, akaigeuza mikono yake taratibu kuelekea kwa mwanawe, kama mtu anayeogopa kuamsha.

"Basi mshike wewe hadi nitoke. Mwekee mkono shingoni. Mgongoni usimguse."

Rashad alisimama. Nyuma yake watu walipita na vitabu vyao vya hospitali. Kemuma alikuwa akingoja, mlango ukiwa wazi, mashine zikilia ndani. Akanyoosha mikono, na uzito ukatua juu yake, mdogo, wenye joto kali, ukaanza kulia.