Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Tk. Ilikuwa mizani ikilia kabla ya adhana, Muna alipoipanda miguu mitupu.

"Umeipanda tena?" mama yake, Abdia, aliuliza kutoka kitandani. "Hiyo mashine itakuja kukuposa."

"Mshale umekwama, mama. Tangu Ramadhani haujasogea."

Miezi ya mwanzo alipungua vizuri hata madera yakamlegea. Ugali aliupunguza, mahamri akayaacha, kila alfajiri akatembea kwa kasi hadi daraja la Tana na kurudi. Halafu mwili ukagoma. Muuguzi alishamwambia presha yake iko juu, na presha ndiyo iliyomchukua baba yake. Basi Muna hakutulia. Akikaa anainuka, akilala anageuka.

Asubuhi ile, katika msongamano wa soko la Garsen, furushi lake la madera ya kuuza lilikumbana na pikipiki iliyobeba madumu ya maziwa. Dera la zambarau likaanguka matopeni. Kijana aliyevaa shati la bluu lililopigwa pasi akaruka chini, akaliokota, akaenda kulisuuza bombani kabla hajaambiwa neno.

"Samahani, dada. Hili nalinunua."

"Ulivae wewe?"

"Nimpe atakayependeza nalo." Akamnyooshea. "Shika."

Wanawake wauza maziwa wakapiga vigelegele. Jina lake Dawood, mtoto wa wafugaji wa Kiorma kama Muna mwenyewe. Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Umefika darajani, mpenzi?"

"Nahema, usinichekeshe."

"Hema tu. Nikikusikia unahema, siku yangu inakwenda sawa."

Siku moja Dawood alimwachia kibuyu kwa Fardosa, muuza maziwa. Kilikuwa na maziwa ya ng'ombe wa mama yake, yaliyokamuliwa alfajiri, yakinukia moshi wa kufukizia kibuyu. Muna akafungua, akanusa, akameza mate. Akaukumbuka mshale. Akakifunga.

"Mrudishie, Fardosa. Mwambie ahsante, sinywi."

"Kimejaa hivi? Muna, unajua unachofanya?"

Alijua. Kwao, maziwa ya mtu yakirudishwa bila kuguswa, aliyekataliwa ni mtu mwenyewe. Lakini siku hiyo akili yake yote ilikuwa juu ya mizani.

Simu zikanyamaza. Muna alizunguka na madera yake kama aliyepoteza ufunguo. Siku zikapita, akashindwa, akapiga yeye.

"Uko wapi?"

"Niko Madogo, nimeleta mzigo."

"Dawood, nimekukosea nini?"

"Ungenikataa kwa mdomo, ningevumilia. Mama yangu amekipokea kile kibuyu, amelia."

"Nilikuwa nakimbia maziwa, si wewe!" Na hapo yakamtoka yote: presha, baba yake, mshale.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Mwili wako naupenda ulivyo, Muna. Ila nataka uishi. Leo umepita kwa nani?"

"Kwa Swabra, kwa mke wa Hiribae, kwa wengi tu."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Chai tu."

"Ya maziwa? Na sukari?"

Muna akavihesabu vikombe vya siku ile. Ni nyumba ipi ya Kiorma ingemfungulia mlango isimpe kikombe? Na yeye angekataaje? Kwake chai haikuwa chakula, ilikuwa salamu. Alipima kila tonge la ugali, salamu hakupima hata moja.

"Wallahi," alisema, "nimenenepeshwa na adabu zangu!"

Dawood akacheka hadi akakohoa.

Alipofika kwa Swabra siku ya pili, Muna alikuta chai ya rangi inamngoja, bila sukari.

"Nani kakwambia?"

"Mtu wako kanipigia simu. Kapigia nyumba zote."

Alitaka kukasirika. Kisha akaonja. Swabra alikuwa ametia iliki na tangawizi tele, ili mgeni wake asijione amenyimwa. Hasira ikaisha. Muuguzi naye akamwongezea mazoezi ya kunyanyua uzito, na wiki baada ya wiki mshale ukasogea, kwa uvivu, lakini ukasogea. Presha ikashuka.

Kikabaki kitu kimoja, na hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Akamwomba Dawood ampeleke kwa mama yake, Bi Darmi, aliyelizwa na kile kibuyu.

Bi Darmi alimpokea mlangoni mwa nyumba ya nyasi, uso haujacheka. Akamkalisha mkekani, akammiminia maziwa kikombeni. Yalifunika kitako cha kikombe tu.

"Kiasi chako hicho," alisema. "Mwanangu kaniambia."

Muna akanywa yote. "Nilikuumiza, mama. Nisamehe."

"Uliniumiza. Nilidhani binti wa mjini ananiona mimi mchafu." Bi Darmi akamtazama sana. "Kumbe unaogopa kufa. Mimi naogopa pia."

Akamshika mkono, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akamfunga mtandio vizuri usije ukachukuliwa na upepo.

"Mama, basi lini tunakwenda kwao kuposa?" Dawood aliuliza.

"Nyamaza wewe, hilo lina wazee wake. Tutakwenda." Hakuuachia mkono wa Muna. "Lakini wewe, mwanangu, usingoje mambo ya wazee. Njoo tena. Kesho ukiweza."