Sekunde za Mwizi ni Arobaini

SAA SABA MCHANA

Chumba cha nyuma cha saluni kilinuka dawa ya nywele na taulo mbichi. Meza moja, viti vitatu, watu wanne. Aliyekosa kiti alikuwa Refa, na wala hakukitaka. Ukikimbia uwanjani miaka ishirini, kukaa unakusahau.

"Tunarudia," alisema. "Mara ya mwisho. Atakayeuliza upuuzi namtoa kwa kadi nyekundu."

"Kadi zenyewe walishakunyang'anya," Shangazi alisema.

Huyo ndiye mwenye saluni, dada wa marehemu baba yake, na ni yeye peke yake duniani aliyekuwa na ruhusa ya utani ule. Wengine wawili waliangalia sakafu.

Mpango ulikuwa hivi. Mechi ya leo haionyeshwi kwenye televisheni yoyote, lakini watu wanaibeti kwenye simu mpaka filimbi ya mwisho. Aplikesheni inajuaje goli limeingia? Kampuni imeweka jicho uwanjani. Jicho moja. Mtu anayekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari, simu ya kampuni mkononi. Goli likiingia, anabonyeza. Asipobonyeza, kwa aplikesheni hakuna goli, hata kama uwanja mzima umepasuka kwa kelele.

Na mtu huyo alikuwa amekaa hapo mezani, anatafuna kucha. Amemuoa dada yake Refa. Genge zima lilimwita Shemeji, hata wasiomhusu.

"Bluu wakifunga, unachelewa," Refa alimwambia. "Sekunde ngapi?"

"Arobaini."

"Mimi niko kwenye uzio, simu iko wazi mfukoni. Nikisema 'tandika', shangazi na wanawake sita wateja wake wanabeti bluu. Aplikesheni itadhani bado ni sifuri kwa sifuri. Wewe hesabu zikiisha, bonyeza."

"Siku za mwizi ni arobaini," alisema wa nne, Fundi Simu, kijana wa kibanda cha kutengeneza simu pale nje ya geti la uwanja. Alicheka peke yake.

"Zetu ni sekunde. Na tutazitumia zote."

Kazi ya Fundi Simu ilikuwa nyepesi. Kukaa kibandani kwake. Akiona gari jeupe la Meneja wa kampuni linaingia, apige simu. Refa atavua kofia. Shemeji akiona kofia imevuliwa, abonyeze kama siku zote, mambo yaishe, kila mtu arudi kwake.

"Kofia kichwani, chelewa," Shemeji alirudia. "Kofia mkononi, fanya kazi yako."

"Ndiyo hivyo."

"Na hiyo filimbi iache hapa," Shangazi alisema.

Refa alishika kifua. Filimbi ilikuwa palepale, chini ya shati, kwenye uzi mweusi. Miaka miwili tangu wamfungie maisha, na bado alikuwa anaoga nayo. Katika fainali moja alikataa goli la bluu. Mshambuliaji wao, yule mrefu wanayemwita Ngazi, aliusukuma mpira kwa mkono akauficha ule mkono nyuma ya sikio, haraka, kama mtu anayejikuna. Refa aliona. Hakuna mwingine aliyeona. Kampuni ilipata hasara siku ile, Meneja akaandika barua kwamba refa amenunuliwa, na barua ikaaminiwa. Toka hapo mtu akimuuliza kazi yake anajibu, "Sina."

"Haitoki," alisema.

Shangazi alisonya. Yeye naye alikuwa na lake. Mwaka jana kidole kiliteleza, akaweka dau lenye sifuri moja zaidi. Akaenda ofisini kwao kuomba, mama mtu mzima, akaoneshwa bango: DAU LIKIPOKELEWA HALIRUDI. Akaliomba lile bango. Wakampa, wakicheka. Likawa limebandikwa ukutani kwake, juu ya mashine ya kukaushia nywele, na kila asubuhi alikuwa analisalimia kwa matusi.

Mlango ulisukumwa. Dada aliingia, tumbo mbele, mimba ya miezi minane. Alimwangalia mumewe, akamwangalia kaka yake.

"Kaka. Mambo yenu siyajui na sitaki kuyajua. Mume wangu akienda jela, mtoto huyu hatakuita mjomba. Wala mimi sitakuita kaka."

"Shemeji atalala kwake leo."

"Apa."

"Naapa. Haki ya marehemu baba."

Shangazi alitazama pembeni. Kiapo cha marehemu si cha kuchezea.

SAA KUMI KAMILI

Mpira ulianza. Jua kali, vumbi, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Refa alijibanza kwenye uzio, kofia kichwani. Ng'ambo, mita themanini hivi, Shemeji alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Alionekana mdogo.

"Shangazi?"

"Nipo, baba." Simu ilikoroma. "Nimezima mashine zote. Wateja wanalalamika nywele mbichi."

"Wavumilie."

"Wanavumilia. Vidole vinawawasha."

Kipindi cha kwanza, patupu. Bluu walikosa mara tatu. Ngazi alipiga mwamba. Kila mpira ulipokaribia lango, Refa alikaza vidole kwenye uzio, na kila ulipotoka alivilegeza. Aliogopa. Tuseme ukweli, huyu mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashabiki elfu kumi wenye mawe aliogopa, kwa sababu safari hii shingo iliyokuwa kwenye kamba haikuwa yake.

SAA KUMI NA MOJA NA NUSU

Bado sifuri kwa sifuri. Refa aligeuza macho tu kuelekea getini, bila sababu.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa ndani ya geti. Limefikaje hapo? Njia ya kuingilia ni moja, na inapita mlangoni kwa Fundi Simu. Simu haikuita. Aliangalia kioo. Hakuna aliyepiga.

Kikulacho ki nguoni mwako. Refa aliuma meno.

Meneja alikuwa anakuja kando ya mstari, tai shingoni kwenye joto lile, mabaunsa wawili nyuma yake, askari mmoja nyuma ya mabaunsa. Walisimama hatua tatu nyuma ya kiti cha plastiki. Meneja alitoa saa ya kuhesabia sekunde, ile ya makocha. Akaishika tayari.

Wanamsubiri achelewe. Wamshike na simu mkononi, goli limeingia, hajabonyeza. Hapo hakuna wakili wa kumtoa.

Refa alivua kofia.

Shemeji hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye mpira, kama kampuni ilivyomfundisha.

Refa aliipunga kofia. Mwanamume mmoja nyuma yake alisema, "Mzee, nyuki?" Watu wakacheka. Shemeji hakugeuka. Refa alimwita kwa kelele, kwa jina lake halisi. Katikati ya ngoma na mavuvuzela, nani asikie?

"Baba, kuna nini?" Shangazi aliuliza mfukoni.

"Fundi ametuuza."

"Yule niliyemlisha?"

"Yule yule."

"Na Shemeji?"

"Hanioni, shangazi. Hanioni kabisa."

SAA KUMI NA MOJA NA DAKIKA AROBAINI NA NNE

Dakika ya themanini na nane. Kona ya bluu.

Mpira ulipaa. Ngazi akapaa. Beki akapaa naye, vichwa vikagongana, na Refa hakutazama vichwa. Alitazama pale anapopajua yeye. Mkono wa kushoto. Ulitoka, ukagusa, ukarudi nyuma ya sikio.

Wavu ukacheza. Uwanja ukapasuka. Refa wa kati, kijana mdogo, akanyoosha kidole katikati ya uwanja. Goli.

Meneja akabonyeza saa yake.

Na filimbi ikalia.

Si ya kijana. Hii ilitoka kwenye uzio, ndefu, kali, imepulizwa na mapafu ya miaka ishirini. Wachezaji ishirini na wawili waligeuka. Ngoma zikakatika. Hata muuza maji alisimama.

Shemeji aliijua ile filimbi. Aliisikia harusini kwake, mlevi alipotaka kuanzisha ugomvi. Aligeuza shingo, akaiona kofia mkononi, akabonyeza. GOLI. Sekunde tano.

Refa alikuwa ameshauruka uzio.

"Mkono!" Alikimbia anaonesha sikio lake. "Mkono wa kushoto! Ameuficha! Muulize mshika kibendera wako, aliona!"

Simu ilikuwa bado wazi mfukoni. Kule saluni wanawake sita waliinamia simu zao. Kwenye vioo vyao aplikesheni ilikuwa imeshabadilika: bluu moja, wengine sifuri, zimebaki dakika mbili. Kubeti kulikuwa kumefunguliwa tena. Sare ilikuwa inalipa mara tisa, maana nani mjinga abeti sare?

"Amesema mkono," mmoja alisema. "Ila goli limeandikwa."

Shangazi alifunga macho. Alimlea yule mtoto toka ana miaka saba. Aliwahi kumuona akijishitaki mwenyewe kwa kuvunja sahani. Mtu aliyekataa kuuza fainali atauza kona?

"Sare," alisema. "Tandikeni sare, wanangu. Yote."

"Mama, yote?"

"Mwanangu akisema mkono, ni mkono."

Vidole saba vikabonyeza. Simu saba zikajibu: Dau limepokelewa.

Uwanjani, mabaunsa walimfikia Refa kabla ya askari. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili hakuisikia. Lakini kijana wa kati alikuwa ameshaenda pembeni kwa mshika kibendera wake.

"Uliona?"

Mshika kibendera aliangalia mashabiki wa bluu, akaangalia yule mtu anayetoka damu kwenye nyasi na bado amenyoosha mkono sikioni.

"Niliona," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."

Goli likafutwa. Dakika nne baadaye mpira ukaisha. Sifuri kwa sifuri.

Meneja alikuwa ameganda nyuma ya kiti cha plastiki, anaitikisa saa yake kana kwamba imeharibika.

"Arobaini!" alimfokea askari. "Fundi aliniambia arobaini! Mbona tano?"

Shemeji alisimama, akamkabidhi simu ya kampuni kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Goli liliingia, nikabonyeza, bosi. Refa wa kati akalifuta, nikafuta. Nilichelewa wapi?"

Askari alimwangalia Meneja, Meneja akaitikisa tena saa yake. Ikabidi amkamate aliyekuwepo, yule mwenye filimbi.

SAA MOJA KASORO ROBO

Kituo kilikuwa na benchi moja na daftari moja kubwa. Shangazi aliingia na wanawake sita nyuma yake, nywele zao hazijakauka. Meneja aliingia nyuma yao, anahema.

"Hawa ni wezi! Wamebeti sare wakati kuna goli! Hayo madau yanafutwa!"

Shangazi alikuja na kitu amekiviringisha kwapani. Alikikunjua mezani kwa askari, taratibu, akakilainisha kwa viganja.

DAU LIKIPOKELEWA HALIRUDI.

"Nisomee hapo, baba," alimwambia Meneja. "Macho yangu mabovu."

Askari alisoma yeye, kwa sauti. Halafu akatazama pembeni ili asicheke.

"Walipe kina mama," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na yule kijana wenu wa simu?" Shangazi alimuuliza Meneja, sasa kwa upole wa kutisha. "Mpe pole yangu. Nimempigia nimjulie hali. Kumbe ile pesa uliyomlipa atuuze aliiweka yote kwa bluu, mpira ulipogusa wavu tu. Hakusubiri hata filimbi. Mkeka wake wa kubeti umechanika vipande vipande."

Meneja alitoka bila kuaga.

Dada alifika mwisho, anatembea kwa shida, Shemeji amemshika kiwiko. Alimwangalia kaka yake, mdomo umevimba kama andazi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Uliapa," alisema.

"Si huyo hapo? Mpeleke akalale."

Shemeji aliinama karibu na benchi. "Shemeji, niambie ukweli. Ulipuliza kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mkono?"

Refa alijaribu kucheka, ikamuuma.

"Ulikuwa mkono, shemeji. Mimi nifanyeje?"

Askari aligonga kalamu mezani. Aliyefungiwa maisha akiingia uwanjani na kusimamisha mechi, lazima alale ndani usiku mmoja na alipe faini, hilo halina mjadala. Alimwandika jina. Akaandika umri. Akafika kwenye mstari wa tatu.

"Kazi?"

Dada alikazia macho sakafu. Shangazi alisita na bango lake mkononi. Wote walilijua jibu. Wamelisikia miaka miwili.

Refa aliitoa filimbi ndani ya shati, yenye damu, akaiweka juu ya daftari, katikati kabisa ya ule mstari mtupu.

"Refa," alisema. "Andika Refa. Kwa herufi kubwa."

Askari akaandika.