Mwiko wa Umeme

Kwenye maegesho ya taxi-moto, pikipiki za abiria, karibu na soko la Kolwezi watu walisukumana kana kwamba wote wamechelewa, na Ndaya akaangusha kisanduku chake. Kijana mrefu aliyevaa jezi ya kijani, viatu vyekundu kwa vumbi, alikidaka kabla hakijafika chini.

"Mama, unauzisha telefone?" aliuliza.

Ndaya alicheka. Kitenge chake cha manjano kilikuwa kimemkaa vizuri mno, na Merdi, maana ndilo jina la kijana, alisahau kurudisha kisanduku.

Haikuwa simu, ilikuwa mashine ndogo. Ndaya alisomea kutibu misuli, na alikuwa akimsaidia Daktari Tshimanga katika jaribio dogo. Kibanio kinabanwa sikioni, umeme hafifu unapita juu ya ngozi hadi kwenye mshipa wa fahamu, bila sindano wala kisu. Daktari alitaka kujua kama mkimbiaji atapata nguvu zaidi. Nusu ya mashine zilikuwa na umeme, nusu ziliwaka taa tu. Nani anavaa ipi, wakimbiaji wangeambiwa jaribio likiisha. Merdi, mkimbiaji wa mita mia nane kutoka Kapata, alijiandikisha kesho yake. Kwa ajili ya sayansi, alidai.

Baada ya wiki chache alikuwa akiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Aliapa kwamba anausikia umeme ukimshuka mpaka magotini. Ndaya, aliyejua kwamba mashine ya Merdi ni tupu, aliangalia pembeni. Wakati huo walikuwa wamekwisha kupendana, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walikula mikate ya moto kwenye barabara ya Musonoi, wakapigiana simu asubuhi na jioni bila neno jipya la kuambiana.

Kisha Merdi akanyamaza. Mbio za kuchagua wakimbiaji wawili wa kwenda kwenye mashindano ya Lubumbashi zilikuwa zimekaribia, ndoto yake tangu utoto. Hakupokea simu. Alipomwona Ndaya sokoni alivuka barabara. Blandine, dada yake Ndaya, alisema kuna mwanamke mwingine, na alisema kwa uhakika wa mtu asiyejua chochote. Ndaya hakukaa wala hakulala. Alivaa viatu, akavua, akavaa tena. Siku moja kabla ya mbio alipanda taxi-moto hadi Kapata.

Alimkuta uani akirukaruka, kibanio kikiwa sikioni.

"Simama kule kule, chérie. Usikaribie."

"Ule mwanamuke ni nani?"

Merdi alishangaa kweli. Hakuna mwanamke, alijibu, ni bizila tu, miko ya dawa. Wachezaji wote wanajua kwamba kabla ya mechi mwanamke hasogelewi. Daktari alikataza kahawa peke yake, lakini Merdi alielewa kwamba mzee yule aliona haya kutaja mengine.

"Ile ni mashini, Merdi, haiko dawa."

"Dawa yote iko na bizila yake. Nikikugusa, courant ya mashini itakatika."

Angeweza kunyamaza. Merdi angekimbia na imani yake, angechaguliwa, na kesho jioni angerudi mikononi mwake. Tena alikuwa amemwapia daktari kwamba hatamwambia mkimbiaji yeyote. Lakini alijiona akiwa mkewe, akifungiwa mlango kabla ya kila mbio, na hasira ikampanda.

"Haiwezi kukatika. Mashini yako iko tupu. Tangu siku ya kwanza iko tupu."

Merdi alivua kibanio polepole.

"Uliniona nafurahi, ukanyamaza?"

"Niliapa."

"Na leo?"

"Leo nimechoka kupenda mutu mwenye ananikimbia."

Merdi alimwonyesha geti kwa kidole.

Asubuhi Ndaya alimwambia daktari alichofanya, naye akamwondoa kwenye jaribio. Ndaya alikwenda uwanjani hivyo hivyo, pamoja na baba yake aliyependa riadha kuliko chakula. Merdi alikimbia sikio tupu, meno yamekazwa. Kwenye kona ya mwisho alimpita mmoja, akamfikia mwingine, na akamaliza wa tatu. Wawili tu ndio walichukuliwa. Ndaya aliona kana kwamba amemuua mtu anayempenda.

Merdi alikuja moja kwa moja hadi kwenye uzio, bado anahema.

"Banasema sijakimbiaka mbio vile hata siku moja."

"Ila umeshindwa, na ni juu yangu."

"Nimeshindwa kwa miguu yangu. Hii miguu, mi naiyua sasa." Aliegemea uzio. "Niko na hasira na weye."

"Mi nayua."

"Itapita. Lakini kukaa mbali na weye, siwezi tena." Alimshika mkono mbele ya uwanja mzima. "Dimanche, kisha misa, nitakuya kwenu na tata mwenye alinizaa, kukuomba uwe bibi yangu. Umuambie baba yako. Ila usimuambie nilitoka wa tatu."

Ndaya alicheka huku analia. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa amesikia kila neno.